Nika wa Mama Niendiwe

Mama Niendiwe hakubisha hodi. Aliingia na mashine ya kufyekea kwenye bega lake zima, mkono mwingine umeshika hotpoti iliyofungwa kanga, akavitua vyote juu ya meza ya fundi, na ndipo akakumbuka kwamba yeye ni mtu mwenye adabu.

"Umekula?"

"Shikamoo, mama," alisema Nakundwa, fundi mwenyewe.

"Marahaba. Nimekuuliza, umekula?"

"Bado."

"Basi makande hayo. Utayala ukishanieleza huyu mnyama wako ameingiwa na nini."

Mnyama mwenyewe hakuwa wa Nakundwa, wala hakuwa wa Mama Niendiwe, na hilo ndilo litakaloleta maneno, lakini tusilikimbilie. Alikuwa nika. Alikaa ndani ya ganda lake la plastiki nyuma ya mashine, palepale ambapo zamani, enzi za bibi zetu, watu walichomeka betri za madini. Madini yalipoadimika mpaka yakawa ya kuonyeshana, Kampuni ilichukua nyama ya yule samaki wa ziwani anayewapiga wavuvi shoti, ikaikuza kwenye matangi kizazi baada ya kizazi, mpaka ikapata pande la nyama lisilo na macho wala mapezi, ambalo kazi yake ni kunywa shira, yale maji mazito ya sukari, na kutoa umeme. Kampuni ililiita kwa jina refu lenye tarakimu. Watu wa Ndorwe, huku juu milimani Upare, walisema samaki huyo ni nika, na mtoto wa samaki ni samaki, wakamwita nika.

"Amefanyaje?"

"Anazimia! Asubuhi nikimwasha anavuma vizuri tu. Nikifika katikati ya tuta, kimya. Nikimshika, moto. Nikimlaza kivulini anaamka, anafyeka kidogo, kimya tena. Halafu tazama alivyovimba, hata kutoka kwenye mashine hataki."

Kweli hakutaka. Nakundwa alimtoa kwa bisibisi na maneno ya kubembeleza, akamshika kwa mikono miwili.

Sasa, hapo karakana palikuwa na benchi la Kampuni, limesimama ukutani, limeng'aa, na fundi mwingine yeyote angemtupa nika juu yake na kusubiri liseme ugonjwa. Benchi lilikuwa halifunguki ila kwa kiganja cha fundi aliyesomea na kula kiapo, na kila lilichokiona, Kampuni ilikiona papo hapo. Nakundwa alikuwa na kiapo na alikuwa na kiganja. Lakini alikuwa na tabia yake pia: kwanza jicho, pua na sikio, benchi baadaye. Mganga asiyemgusa mgonjwa, alizoea kusema, huyo anauza dawa tu.

Akaanza na meno ya shaba, yale yanayoshikana na mashine. Yalikuwa na ukungu kidogo. Akayasugua kwa ndimu na kitambaa mpaka yakang'aa, akamrudisha nika, akawasha. Mashine ilivuma, ikavuma, ikakata pumzi. Akamtoa, akachomeka nika wa karakana, yule mzee wake wa miaka yote. Mashine ikanguruma, na Mama Niendiwe akaruka nyuma.

"Mashine yako nzima," alisema Nakundwa. "Mgonjwa ni huyu."

Akafungua kizibo cha kulishia, akanusa. Shira haikuchacha. Akampima mkononi huku mkono wa pili umeshika yule mzee. Yule wa Mama Niendiwe alikuwa mzito kama mtungi uliojaa.

"Unamlisha lini, mama?"

"Kila jioni."

"Hata kama hajaishiwa?"

"Sasa alale na njaa?"

"Imeandikwa hapa kwenye ganda. Mlishe akiishiwa tu."

"Imeandikwa, imeandikwa! Hata kwenye mfuko wa chumvi pameandikwa mambo."

"Na nani mwingine anamtumia?"

Hapo Mama Niendiwe akakaa kwenye kigoda, maana hesabu ilikuwa ndefu. Kuna Mama Togolai na matuta yake. Kuna mzee wa kanisa na uwanja wa kanisa. Kuna shule, kuna Baba Senkondo na ua wake wa michongoma, na yule mkwe wa Baba Senkondo ambaye hata asante hajui kusema, lakini ni jirani, utafanyaje. Kwenye upande wote ule wa mlima, nika alikuwa mmoja tu.

"Na wao wanamlisha kabla ya kumrudisha?"

Mama Niendiwe alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele za wakwe.

"Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Mtu aazime chungu cha jirani akirudishe kitupu? Ungo wa watu unarudi na kiganja cha unga ndani, japo kiganja. Sembuse mnyama mwenye tumbo! Wote wanamlisha. Yule mkwe asiyejua asante, hata yeye anamjaza mpaka shira inamwagika."

Nakundwa alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Mama, mmemnenepesha! Hana ugonjwa huyu, ana kitambi. Niachie. Nitamfanyisha kazi bila kumpa kitu mpaka aishiwe kabisa, atarudi kuwa mtu."

Mama Niendiwe hakucheka. Alikuwa anashika bega lake la kushoto, lile lililotenguka mwaka alioanguka na mzigo wa majani, likakataa kurudi sawasawa.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Asiende kwenye chumvi. Yule wa dada yangu alivimba hivihivi, mkamtia chumvini akafa, dada akaambiwa asubiri mgao mpya wa Kampuni. Mpaka leo anasubiri. Mimi fyekeo la mkono siliwezi tena, fundi. Bila huyu, majani ya mabingobingo yanakauka shambani na ng'ombe wananitazama. Nitawauza wote wawili, na nikishawauza, mimi ni nani pale mlimani?"

"Haendi kwenye chumvi kwa kitambi, mama."

"Umesema."

"Nimesema."

* * *

Nyuma ya karakana palikuwa na ua wa michongoma uliokua bila mwenyewe mpaka ukaanza kula njia. Kesho yake asubuhi Nakundwa alivaa miwani, akamfunga nika gunia bichi la kumpooza, akaingia kazini.

Ilikwenda kama alivyotarajia. Nika alivuta, akapata moto, akanyamaza. Akapumzishwa, akamwagiwa maji, akavuta tena. Kila mara alikuwa mwepesi kidogo. Nakundwa alijisifu moyoni. Kitambi kinapungua.

Alipomweka sikioni kusikiliza, sifa zikaisha.

Nika mzima ana mpigo mmoja. Ndani yake ni sahani nyembamba za nyama zilizopangana kama sahani za kabatini, maelfu, kila moja na nguvu yake ndogo ambayo peke yake haiwashi hata taa ya kiberiti. Lakini zinapiga pamoja, na kupiga pamoja ndiko kunakofyeka nyasi. Fundi anausikia mpigo huo kwenye ganda, tu, tu, tu, taratibu. Kwa huyu, Nakundwa aliusikia, na chini yake akasikia mwingine. Wa pili ulikuwa mdogo, wa haraka haraka, na haukufuatana na wa kwanza.

Alidhani ni sikio. Akabadili sikio. Ilikuwa vilevile.

Kwenye mafunzo waliambiwa hivi: nika akivimba, sahani zake zimeharibika, usimfungue, mtie kwenye pipa la chumvi, chumvi itamvuta maji na kumaliza kazi. Waliambiwa na sababu, ambayo ni kwamba aliyevimba anaweza kumlipukia fundi usoni. Nakundwa alikaa chini, akamtazama nika aliyekuwa mapajani mwake. Kisha akachukua bisibisi, akazungusha skrubu za ganda moja baada ya nyingine, na uso wake akauweka palepale.

Hakulipuka mtu. Ndani kulikuwa na nika wa kawaida, wa kijivu, amelowa, na ubavuni mwake limeota bonge dogo kama yai la bata. Bonge lilikuwa na sahani zake. Zilionekana kwa juu, nyembamba, zimepangana vizuri. Lilikuwa linapiga.

"Ee Mungu wangu," alisema Nakundwa. "Una mimba."

Akili yake haikuwa ya haraka lakini ilikuwa ya kuunganisha waya, na waya ziliunganika hapohapo. Mlishe akiishiwa tu. Haikuwa kwa ajili ya afya yake. Nika anayeishiwa kila mara hana akiba, na asiye na akiba hazai. Kampuni ilijua. Iliwaweka nika wa dunia nzima kwenye njaa ya kupimwa ili wasizae, na dunia nzima ikafuata maandishi. Ila hapa Ndorwe, ambako hakuna mtu anayerudisha chombo cha watu kitupu. Wamemlisha, wamemlisha, majirani wa upande mzima, mpaka nyama ile ikaamini kwamba neema imefika.

Halafu akawakumbuka wale wengine. Wa dada yake Mama Niendiwe. Wa shule. Yule wa zahanati. Wote walivimba, na wote aliwatia chumvini kwa mikono yake bila kuwafungua, na akasubiri mpaka kila mmoja akamaliza pumzi. Nakundwa aliona aibu.

Sasa mambo yalikuwa mawili, hakuna la tatu. Akimweka kwenye benchi, benchi litaona uvimbe, litajifunga, na halitafunguka mpaka pipa la chumvi lipime uzito wake. Nika ataondoka na mtoto wake, na Mama Niendiwe ataondokewa na ng'ombe. Au aendelee kufyeka. Kazi ile ya njaa iliyokuwa inampunguza nika mama ilikuwa inamsukuma mtoto. Tayari pale yai liliposhikana na ubavu pamekuwa pembamba kama kikonyo cha embe. Akiishiwa kabisa, kitakatika. Mtoto atatoka. Na Kampuni ikijua, kiganja cha Nakundwa hakitafungua benchi lolote tena maishani mwake, na kazi nyingine haijui.

Akarudisha ganda. Hakufyeka tena siku hiyo.

* * *

Wakala wa Kampuni alikuwa Bwana Temba, kijana mrefu wa Kichaga mwenye viatu visivyowahi kukubali vumbi la Upare. Alipanda mlimani kila baada ya muda kuchukua mapipa ya chumvi, na safari hii alifika kesho yake. Kwa kuwa Mchaga na Mpare ni watani, hakuna hata mara moja aliyosalimia kama watu.

"Mtani! Mmeshauza ng'ombe wangapi mwezi huu kushinda kesi ya kuku?"

"Karibu, mtani. Nilisikia umezimia juzi, wakadondosha sarafu karibu na sikio lako ukaamka unauliza imeanguka wapi."

Walicheka. Nakundwa akafungua hotpoti, makande ya Mama Niendiwe aliyokuwa ameyapasha moto upya, akampakulia. Temba alikula kama mtu wa nyumbani. Alikuwa mtu mzuri, na hilo liliongeza ugumu. Mtu mbaya unamdanganya bila kuhangaika.

"Mtani," alisema Nakundwa, "wewe uliyesoma, nikuulize kesi."

"Nilijua. Mpare hawezi kula na mtu bila kesi."

"Mtu ana ng'ombe wengi, hana majani. Anampelekea jirani ng'ombe mmoja amfugie. Jirani anakata majani, anatoa kinyesi, maziwa anakunywa. Ng'ombe anazaa. Ndama ni wa nani?"

"Kwetu kama kwenu. Wa kwanza anarudi kwa mwenye ng'ombe. Baadaye mfugaji naye anapewa wake, kwa jasho lake."

"Na mwenye ng'ombe akisema ndama wote wachinjwe siku ya kuzaliwa, ili mfugaji asije akapata wake?"

Kijiko cha Temba kikasimama. Alitazama benchi, akatazama mlango wa nyuma, akatazama mikono ya Nakundwa iliyokuwa imechanwa na michongoma.

"Yuko wapi?" aliuliza taratibu.

"Nani?"

"Nakundwa." Hakusema mtani. "Yuko wapi?"

Alimwonyesha. Hakuona sababu ya kumficha. Utani una heshima yake. Temba alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye ganda, akasikia mipigo miwili.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema Nakundwa.

"Mawakala wote tunajua. Mkataba unasema nika na vyote vitokavyo ndani yake ni mali ya Kampuni." Akasimama, akajipangusa magoti. "Lakini si mkataba unaonifanya nitie chumvi. Nisikilize. Kule tambarare kuna bwawa, watu wanaoshea miwa humo na kutupa makapi. Maji yenyewe matamu. Kuna mtu nika wake alivimba, akamtupa humo. Akazaa. Wakazaa. Hakuna aliyejua. Mtoto wa dada yangu aliingia kuoga na wenzake."

"Alitoka?"

"Alitolewa."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Nakundwa alisema pole, na pole yenyewe aliiona ndogo. Lakini swali lilikuwa limeshamfika mdomoni, na yeye si mtu wa kumeza swali.

"Yule aliyemtupa. Kwa nini alimtupa?"

"Aliogopa. Angemleta kwetu, tungemtia chumvini, na yeye angebaki hana kitu, anasubiri mgao. Akaona amfiche kwenye maji, labda uvimbe utapungua, amrudie."

"Basi hakumtupa. Alimficha. Mngemwachia amfunge zizini kwake, amjue, amtie alama, angekuwa na mwenyewe. Ng'ombe asiye na mwenyewe ndiye anayemaliza mahindi ya watu, Temba. Ni chumvi yenu iliyompeleka kwenye lile bwa..." Aliona uso wa Temba. "Nisamehe. Nimesema vibaya."

"Umesema," alijibu Temba.

Alichukua kofia yake, akaizungusha mikononi. "Naenda kunywa chai mgahawani kwa Mama Nakiete. Nikirudi, kila nika aliyemo humu nitamweka kwenye benchi mimi mwenyewe. Aliyevimba ataingia chumvini, na mimi ndiye nitakayemtia. Sitaki kukuachia dhambi hiyo."

Akafika mlangoni, akageuka. "Halafu kwa kesi yako. Kama ni mila, wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe. Umesahau hiyo."

"Sijasahau. Wa kwanza mlishapokea," alisema Nakundwa. "Na wa pili, na wa tatu. Nimewapakia mwenyewe kwenye mapipa."

Temba akavaa kofia. Akatoka.

* * *

Nakundwa alikaa peke yake na nika, akawaza kama mtu anayepima kamba kabla ya kushuka kisimani.

Mtoto yule kwenye bwawa alikuwa mtoto kweli. Hilo huwezi kulipita. Na Ndorwe ina maji: kuna ndiva juu ya kijiji, lile bwawa la kukusanyia maji usiku ili asubuhi yashuke mashambani, na watoto huchezea pale, huwezi kuwakataza. Akizaliwa nika mmoja, akalishwa na majirani hawa, watazaliwa kumi. Mmoja akipotea?

Lakini akitiwa chumvini huyu, kesho atavimba mwingine, maana majirani hawataacha kulisha. Na mwenye nika, akijua kinachomngoja, atafanya nini? Atamficha. Na huku milimani maficho yote yana maji.

Alimkumbuka Mama Niendiwe akishika bega. Umesema. Nimesema.

Akavaa miwani, akatoka nyuma, akawasha.

Mashine ilinguruma, na mngurumo ule ulisikika mpaka sokoni, mpaka kwa Mama Nakiete, mpaka kwenye kikombe cha Bwana Temba. Alijua anausikia. Hakuna namna ya kufyeka michongoma kimya kimya. Nika akapata moto, Nakundwa akamwagia maji. Nika akanyamaza, Nakundwa akamngoja, akamwasha. Matawi yalikuwa yanaanguka, njia ya watu ikawa inafunguka, na kila mara mngurumo ulirudi ukiwa mwembamba zaidi. "Jikaze, mama," Nakundwa alikuwa anamwambia, jasho linamwingia machoni, "jikaze, bado kidogo." Mkunga angesema vilevile.

Mwisho hakuzimia. Alipungua tu, polepole, mpaka kisu kikazunguka bure mara chache na kusimama.

Nakundwa alifungua skrubu. Mama alikuwa amesinyaa, mwepesi, mpigo mmoja, taratibu. Pembeni yake, chini ya ganda, amelala kitu kidogo kilicholowa, kimejikunja. Alikichukua kwa vidole viwili. Kikampiga shoti, ndogo, ya kitoto, kama mtu aliyefinywa na shangazi. Nakundwa akacheka na akalia kwa pamoja, na hakuona haya, kwa kuwa hakuna aliyemwona.

Hotpoti ilikuwa tupu. Akaiosha, akatandika kitambaa kibichi, akadondosha shira tone moja, akamlaza, akafunika.

Temba alirudi baadaye kuliko alivyopaswa. Chai gani inanywewa muda wote huo, hatujui. Akamchukua nika wa Mama Niendiwe, akamweka kwenye benchi, Nakundwa akabonyeza kiganja. Benchi likawaza, likaandika: MZIMA. ANA NJAA.

"Hakuna aliyevimba," alisema Nakundwa.

"Naona."

Kisha akaiona hotpoti. Mtani ana haki ya kunyakua kitu chochote cha mtani wake, ndiyo mila, hata msibani. Na Temba aliinyakua, akaiweka mapajani, mkono juu ya kifuniko. Nakundwa alisimama pale pale. Aliona vidole vya Temba vikitulia kwenye plastiki, na akajua anasikia, maana kile kitetemo cha ndani kilikuwa cha haraka haraka na hakikujua kujificha.

"Makande yamebaki?" aliuliza Temba.

"Ni ya mwenye hotpoti."

Alikaa nayo. Alikuwa haitazami, alikuwa anatazama mlango wa nyuma, pale njia ilipofunguka. Mwishowe akairudisha mezani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.

"Mwambie mwenyewe akae mbali na ndiva. Mbali na mfereji. Maji yoyote yanayotembea."

"Nitamwambia."

"Na amtie alama. Amtie alama ya kwake, kila mtu aijue. Akipotea, aseme siku hiyohiyo. Asiogope, aseme."

Akabeba pipa lake la chumvi, jepesi safari hii, akaondoka bila kutania.

* * *

Mama Niendiwe alikuja jioni ile, jua likiwa bado lipo. Alimchomeka nika, akawasha, akasikiliza mngurumo mpaka mwisho, akazima. Alimshukuru Mungu, kisha mzee wa kanisa, kisha fundi, kwa mpangilio huo.

"Na msimlishe mpaka aishiwe," alisema Nakundwa. "Waambie wote. Anayetaka kushukuru akuletee wewe unga."

"Watanuna."

"Wanune."

Akamkabidhi hotpoti. Mama Niendiwe aliipokea, akaishusha, akaipandisha, akaitazama.

"Mbona nzito?"

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, mama. Kifungue, lakini taratibu."

Alifungua. Wanaomjua Mama Niendiwe watakwambia kwamba hajawahi kukosa neno, hata siku ya kumzika mume wake alikuwa na neno. Siku hiyo alikosa. Alitazama ndani, kile kitu kinachopumua kwa mpigo kwenye kitambaa, akatazama nika wake kwenye mashine, akarudi kutazama ndani.

"Wa nani?" alinong'ona.

"Wako. Ndama wa mfugaji. Hakuna aliyekupa, usiseme umepewa. Usimkaribishe kwenye maji, na umtie alama."

"Na wakinikamata?"

"Utasema aliyemzalisha ni mimi. Nimeshaapa kiapo kimoja maishani, naweza kuapa na kingine, cha kukutetea."

Mama Niendiwe aliifungua kanga yake, akaizungushia hotpoti mara mbili dhidi ya baridi ya mlimani, akaibana kifuani upande wa bega bovu. Alipofika mlangoni alisimama. Uso ulikuwa umeshapata wasiwasi mpya, ule wa watu wenye kitu.

"Fundi," alisema. "Amekula huyu?"